Mlioko Uingereza: huko mliko, watu wanaamini Boris atatutoa Ulaya ifikapo 31 Oktoba?

Mtu wa Ghala | Jumamosi, 3 Agosti 2019

Wakuu, habari za wikendi. Niko Peterborough, nafanya kazi ya zamu ya usiku kwenye ghala la vyakula vya baridi. Swali hili limenikaa kichwani tangu wiki iliyopita, nikaona niwaulize ninyi mlioko sehemu nyingine za nchi hii, maana hapa nilipo nasikia sauti za upande mmoja tu.

Tangu Boris Johnson aingie Downing Street kama Waziri Mkuu tarehe 24 Julai, mazungumzo ya kantini yamegeuka. Mji huu, kwenye kura ya maoni ya 2016 kuhusu Umoja wa Ulaya, ulipiga kura ya kutoka (Brexit) kwa karibu asilimia 61. Wenzangu Waingereza, hasa wa rika langu, walikuwa wameshakata tamaa na siasa. Mwezi Mei kwenye uchaguzi wa Bunge la Ulaya wengi wao walimpa kura Nigel Farage na chama chake kipya cha kutaka kutoka, Brexit Party. Juni ukaja uchaguzi mdogo wa ubunge hapahapa Peterborough, chama hicho kikakosa kiti kwa kura 683 tu, chama cha Labour wakapona. Watu hawa walikuwa tayari kuizika Conservative, chama cha Boris. Leo haohao wananiambia huyu bwana ataweza. Ukiwauliza ataweza vipi, jibu ni lilelile: huyu ana nia, Theresa May aliyemtangulia hakuwa nayo.

Hilo la nia ndilo linalonisumbua. Mama yule aliupeleka bungeni mara tatu mkataba wake wa kutoka, aliokubaliana na Ulaya. Tarehe 15 Januari uliangushwa kwa tofauti ya kura 230, tarehe 12 Machi kwa 149, na tarehe 29 Machi, siku ileile tuliyotakiwa kuwa tumeondoka, kwa 58. Mtu anayerudi mara tatu mbele ya watu wanaomkataa huwezi kusema hana nia. Aliondoka yeye, wabunge wamebaki walewale. Tena upande wa serikali wamepungua: juzi Alhamisi wamepoteza kiti cha Brecon and Radnorshire kule Wales, kikachukuliwa na Liberal Democrats, na sasa hata ukiwajumlisha wale 10 wa DUP, chama cha Ireland Kaskazini kinachoiunga mkono, serikali inawazidi wapinzani kwa mbunge mmoja. Mmoja!

Kuna dada wa Kipolandi ninayefanya naye kazi ya kupanga mizigo. Ameishi hapa kuliko mimi, analipa kodi kama mimi, na mwaka 2016 hakuruhusiwa kupiga kura. Mimi niliruhusiwa kwa sababu tu pasipoti yangu ni ya nchi ya Jumuiya ya Madola. Nilipiga ya kubaki. Yeye hasemi Boris ataweza au hataweza. Anachotaka kujua ni mwezi Novemba atakuwa anaishi chini ya sheria ipi, na sina cha kumjibu.

Kwa hiyo naomba mniambie ukweli wa huko mliko. Watu wanaamini kweli, au wamechoka tu na wanataka yeyote aseme kwamba yamekwisha?

---

Utingo Mstaafu | Jumamosi, 3 Agosti 2019

Mkuu, mimi naendesha lori kutoka Ashford kwenda bara la Ulaya, mara nyingi kupitia Dover. Wilaya ya Dover yenyewe ilipiga kura ya kutoka kwa asilimia 62, kwa hiyo ukikaa mgahawani na madereva wa Kiingereza, karibu wote watakwambia tarehe 31 Oktoba saa tano usiku tunatoka. Wanaamini. Na mimi naamini pia kwamba inawezekana, kwa sababu kisheria, asipofanya mtu chochote, muda ukifika nchi imetoka. Hakuhitajiki ushujaa hapo.

Ila waulize haohao kama mkoa wetu huu wa Kent uko tayari, uone wanavyoinamia vikombe vyao.

Tulioonja kiangazi cha 2015 hatujasahau. Calais, bandari ya Ufaransa ng'ambo ya Dover, ilifungwa kwa migomo, polisi wakaufanya mkondo wa barabara kuu ya M20 unaoelekea baharini kuwa maegesho. Tulilala ndani ya malori juani, watu wanatugawia maji ya chupa. Na ule ulikuwa mgomo wa upande mmoja wa maji, wala hapakuwa na karatasi hata moja ya forodha iliyoongezeka. Sasa wana mpango mwingine wa foleni kwenye M20, wanauita Operation Brock, na uwanja wa ndege wa zamani wa Manston umetengwa kuegesha malori. Januari walifanya mazoezi pale Manston: yalikuja malori 89. Bandari ya Dover siku yenye kazi hupitisha hadi 10,000. Niambie wewe mwenye hesabu, walijifunza nini kwa malori 89?

Wiki hii Waziri wa Fedha mpya, Sajid Javid, ametangaza pauni bilioni 2.1 zaidi za kujiandaa kutoka bila mkataba. Vizuri. Lakini afisa wa forodha hazaliwi kwa miezi mitatu, na serikali hii ndiyo iliyotoa kandarasi ya feri ya pauni milioni 13.8 kwa kampuni isiyokuwa na meli hata moja, ikabidi iifute Februari. Ninachokiogopa ni asubuhi ya tarehe 1 Novemba. Dereva wa Kiromania akifika Calais na fomu moja haijajazwa, sisi sote tulio nyuma yake tunasimama, na nyanya na dawa zinasimama nasi. Hilo ghala lako la baridi, mkuu, litaanza kulihisi ndani ya siku mbili tatu.

---

Baba Latifa | Jumamosi, 3 Agosti 2019

Salaam. Naona uzi huu utajaa watu wa kubaki, basi acheni aliyepiga kura ya kutoka aseme.

Niko Luton. Asilimia 56 ya mji huu walipiga kura ya kutoka, na wengi si Wazungu. Nilikuwa na sababu yangu na bado ninayo. Mimi ni raia wa nchi hii, nina pasipoti yake. Kumleta mke wangu ilibidi nithibitishe kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka, nikalipia viza, nikalipia bima ya afya ya serikali, nikaonyesha hati za benki za miezi. Jirani yangu kutoka nchi ya Ulaya, asiye raia wa hapa, alimleta mke wake bila hata kigezo kimoja cha hivyo. Simchukii, ni jirani mwema. Ila utaratibu uliomtanguliza yeye na kuniweka mimi nyuma sikuweza kuupigia kura.

Kuhusu Boris: naamini atatoka tarehe hiyo, na siamini kwa sababu ya hotuba zake. Naamini kwa sababu hana pa kurudi. Mwezi Mei chama chake kilipata viti 4 tu katika uchaguzi wa Ulaya na Farage akapata 29. Akiomba tena muda kwa Umoja wa Ulaya kule Brussels, Farage anakimaliza chama hicho, na Boris anajua. May alikuwa na mlango wa kuahirisha na akautumia mara mbili. Huyu amejifungia mlango huo mwenyewe mbele ya kila mtu, kwa kusema atatoka iwe isiwe.

Halafu Bunge liko mapumzikoni hadi tarehe 3 Septemba. Wakirudi, wana wiki chache sana. Watamzuia kwa sheria gani?

---

Mtaa wa Clyde | Jumapili, 4 Agosti 2019

Kutoka Glasgow kwa kifupi. Scotland ilipiga kura ya kubaki kwa asilimia 62, na hakuna halmashauri hata moja kati ya 32 iliyokuwa na wengi wa kutoka. Jumatatu iliyopita Boris alikwenda Edinburgh kumwona Nicola Sturgeon, kiongozi wa serikali ya Scotland, umati ukamzomea mlangoni. Huku swali lenu la ataweza au hataweza halina mvuto. Watu wanauliza: akiweza, sisi tutakaa humo hadi lini? Jirani zangu wawili waliokataa uhuru wa Scotland mwaka 2014 sasa wanasema wangefikiria upya. Hata kiongozi wa Conservative wa hukuhuku, Ruth Davidson, amesema hataunga mkono kutoka bila mkataba.

Jambo moja kuhusu takwimu, kwa kuwa mtu wa ghala ameuliza kama watu wanaamini kweli. Profesa John Curtice, mtaalamu wa kura za maoni wa Strathclyde, chuo cha hapa mjini, amekuwa akieleza kwamba waliopiga kura 2016 wengi hawajabadilika. Ile nafuu ndogo ya upande wa kubaki inatokana zaidi na watu ambao hawakupiga kura wakati ule. Kwa hiyo mtu akikwambia taifa limegeuka, iwe kwa Boris au kinyume chake, mwombe ushahidi. Kilichohama kwa wiki hizi mbili ni kura za Farage kurudi Conservative. Hao walikuwa wa kutoka jana na ni wa kutoka leo.

---

Binti Mvita | Jumapili, 4 Agosti 2019

Kaka Mtu wa Ghala, asante kwa kuuliza. Naandika kutoka Newry, Ireland Kaskazini. Mimi ni muuguzi, na naomba mnivumilie nikirefusha kidogo, kwa sababu nimewasoma wote na hakuna aliyeutaja mpaka wa Ireland, ilhali jambo lote limekwamia hapa.

Kutoka wodini kwetu hadi mpakani ni mwendo mfupi wa gari. Wenzangu kadhaa wanaishi Dundalk, ng'ambo, katika Jamhuri ya Ireland. Asubuhi wanavuka kuja kazini, jioni wanavuka kurudi, wala hakuna anayesimama. Utajua umevuka kwa vibao vya mwendo kasi kubadilika kutoka maili kwenda kilomita. Mpaka huu una urefu wa kilomita 500 hivi na barabara zaidi ya 200 zinazoukata. Wagonjwa wangu wazee wanakumbuka wakati barabara nyingine zilikuwa zimelipuliwa makusudi zisipitike, na vilima vya South Armagh vina minara ya wanajeshi. Mkataba wa amani wa Ijumaa Kuu wa 1998 ndio uliofungua njia ya haya kuondolewa. Mgonjwa mmoja aliniambia hajali nani ni Waziri Mkuu London, anachokijali ni kama mjukuu wake ataona askari barabarani kama alivyomwona yeye. Niliposikia hivyo nilishindwa kuendelea na kipimo cha presha, nikakaa naye kwanza.

Sasa njooni kwenye hesabu. Boris anasema backstop lazima iondolewe yote, yaani ile dhamana kwamba hakutakuwa na mpaka mgumu hapa hata mazungumzo ya biashara yakishindikana. Dublin na Brussels wanasema bila dhamana hiyo hakuna mkataba. Watu wanadhani msimamo wake ni wa chuma. Lakini tarehe 29 Machi, mara ile ya tatu, Boris mwenyewe aliupigia kura ya ndiyo mkataba wa May, na backstop ikiwa ndani yake. Ni kweli mara mbili za kwanza aliukataa. Nalisema hili kwa uzito: mtu aliyewahi kuukubali anaweza kukubali kitu kinachofanana nao, akipewa jina jingine la kukiita.

Na kitu hicho kipo. Pendekezo la kwanza la Ulaya, la Februari 2018, lilikuwa Ireland Kaskazini peke yake ifuate kanuni za Ulaya, na ukaguzi ufanyike baharini, kati yetu na Uingereza kubwa. May alisema hakuna Waziri Mkuu wa Uingereza atakayelikubali. Boris naye, Novemba mwaka jana, alikwenda kwenye mkutano mkuu wa DUP mjini Belfast akasema hakuna serikali ya Conservative inayoweza kulitia sahihi. Alipigiwa makofi sana. Na Jumanne usiku, siku moja kabla ya kukutana na vyama vyote vitano pale Stormont, makao ya bunge na serikali ya Ireland Kaskazini, alikula chakula cha jioni na viongozi wa DUP. Wengine hapa hawakulipenda hilo hata kidogo, maana watu wa Ireland Kaskazini asilimia 55.8 walitaka kubaki, na DUP haiwasemei.

Kwa hiyo mtazamo wangu ni huu. Anawategemea DUP kwa sababu wingi wake ni mbunge mmoja. Siku akipata wingi wake mwenyewe kwa uchaguzi, hatawahitaji tena, na mpaka wa baharini utarudi mezani. Baba Latifa, nakubaliana nawe kwamba amejifungia mlango wa kuahirisha. Ila mlango wa uchaguzi uko wazi, na nahisi ndio anaoutazama. Sisi wa huku tutakuwa bei ya mkataba huo, au tutakuwa bei ya kukosekana kwake. Hatuna hata serikali ya Stormont ya kutusemea. Imelala tangu Januari 2017.

---

Mtu wa Ghala | Jumapili, 4 Agosti 2019

Nimewasoma wote kabla ya kuingia zamu. Dada Binti Mvita, hiyo kura ya 29 Machi nitaipeleka kantini leo usiku.

Baba Latifa, shemeji zangu wamepitia hilo la pauni 18,600 na najua lilivyo chungu. Siwezi kukuambia ulikosea kuwa na hasira. Ila umeuliza Bunge litamzuia kwa sheria gani, na hapo nina la kusema. Tarehe 27 Machi wabunge walipigia kura pendekezo la kutoka bila mkataba: 160 waliunga mkono, 400 walikataa. Wiki iliyofuata walipitisha kwa nguvu sheria ya kumlazimisha May aombe muda, kwa kura 313 dhidi ya 312. Kura moja ilitosha. Na tarehe 18 Julai, siku chache kabla Boris hajatangazwa, walipitisha kifungu cha kumzuia Waziri Mkuu asilifunge Bunge ili nchi itoke kimyakimya. Walishinda kwa tofauti ya kura 41, na baadhi yao ni watu wa chama chake mwenyewe. Spika John Bercow ameonyesha mwaka huu kwamba yuko tayari kuwapa nafasi. Watu 400 hawahitaji muda mrefu. Kura ile ya mmoja waliimaliza ndani ya siku moja.

Ndiyo maana naona wenzangu wa ghalani na wewe mnajibu swali tofauti na langu. Ninyi mnajibu kama Boris anataka. Mimi nakubali anataka. Aliyemchagua ni nani? Wanachama 92,153 wa Conservative, dhidi ya 46,656 waliomchagua Jeremy Hunt, katika nchi yenye wapiga kura zaidi ya milioni 45. Na wanachama hao walipoulizwa na YouGov, kampuni ya kura za maoni, mwezi Juni, asilimia 63 walisema wako radhi Scotland iondoke ili mradi Brexit ipatikane, 61 wako radhi uchumi uumie vibaya, na 54 wako radhi chama chao wenyewe kiangamie. Watu kama hao hawakuhitaji kushawishiwa kwamba inawezekana. Anaohitaji kuwashawishi wako bungeni, na hao hawakupiga kura ile.

Kwa hiyo nabaki nilipokuwa, ila nikiwa na sababu bora zaidi: sioni akitoka tarehe 31 Oktoba kwa Bunge hili. Naona uchaguzi, pengine kabla ya Krismasi. Na hapo ndipo wenzangu wa kantini wanaponitia hofu, kwa sababu imani yao, iwe na msingi au isiwe nao, ni kura. Watu waliochoka wakiambiwa kuna mtu mmoja anayezuiwa na wabunge kumaliza jambo, watampa wabunge wengine. Huyu dada wa Kipolandi atakuwa nje tena, akitazama. Nimemsaidia kujaza maombi ya hadhi ya mkazi kwa simu yake na yamekubaliwa. Hilo angalau limeshikika mkononi.

Utingo, nisaidie jambo moja: kampuni yenu imewaambia chochote kuhusu karatasi za forodha? Yetu imebandika tangazo moja ukutani, halina hata tarehe.

---

Utingo Mstaafu | Jumapili, 4 Agosti 2019

Tumepewa kijitabu na namba ya simu. Nimeipiga, inasema nisubiri.

Kama ni uchaguzi, basi mtu anijibu: mke wangu amekuja Juni kwa viza ya familia, ni Mkenya. Anaweza kupiga kura?

---

Binti Mvita | Jumapili, 4 Agosti 2019

Anaweza, kaka. Raia wa Jumuiya ya Madola mwenye ruhusa ya kuishi hapa anaruhusiwa kupiga kura ya ubunge, akishajiandikisha kwa anwani anayoishi. Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda wote wamo. Wenzetu wa Kongo na Burundi hawamo mpaka wapate uraia. Ajiandikishe kwenye tovuti ya serikali, ni bure, ataulizwa namba yake ya bima ya taifa. Kama hajaipata bado, aiombe sasa hivi, maana hiyo ndiyo inayochelewa.